Kennan mwanahistoria asifunikwe na Kennan wa vita baridi

Mhariri,

Wachambuzi wanaoandika juu ya vita vya Ukraine hupenda kumtaja mwanadiplomasia wa Marekani George Kennan, na aghalabu humtaja kwa mambo mawili tu. La kwanza ni kwamba ndiye aliyeasisi sera ya Marekani ya kuuzuia Umoja wa Kisovieti usipanue himaya yake baada ya Vita vya Pili vya Dunia. La pili ni kwamba mwezi Februari 1997, siku chache kabla ya kutimiza miaka 93, aliandika kuonya kwamba kuipanua NATO kuelekea mipaka ya Urusi lingekuwa kosa kubwa kuliko yote ambayo Marekani imefanya tangu vita baridi vimalizike. Yote mawili ni kweli. Ninachosikitikia ni kwamba kati ya hayo mawili kuna takriban nusu karne ya kazi ambayo haitajwi kabisa. Katika miaka hiyo mtu huyu aliacha kuwa balozi, akawa mtafiti wa jinsi vita vinavyoanza na jinsi serikali zinavyojiingiza ndani yake, na kwa maoni yangu kazi hiyo ya pili inazidi kwa mbali ile ya kwanza iliyompa umaarufu.

Naomba nafasi nieleze kwa nini nasema hivyo.

Kennan alizaliwa Milwaukee mwaka 1904, akasoma Chuo Kikuu cha Princeton, na mwaka 1926 akaingia katika utumishi wa kidiplomasia. Alianzia vituo vidogo: Geneva, Hamburg, Tallinn, Riga. Serikali yake ikampeleka Berlin kujifunza Kirusi, na Marekani ilipoitambua serikali ya Kisovieti mwaka 1933 alikuwa miongoni mwa maofisa wa kwanza waliokwenda kuufungua ubalozi wa Moscow. Kuanzia hapo, historia ya Ulaya ilipita mbele ya macho yake. Alikaa katika vyumba vya mahakama Stalin alipowahukumu wenzake wa zamani. Aliwasili Prague siku ile ile mkutano wa Munich ulipokuwa ukiigawa Chekoslovakia, na miezi michache baadaye akayaona majeshi ya Ujerumani yakiingia katika mji huo. Ujerumani na Marekani zilipoingia vitani mwezi Desemba 1941, yeye na wenzake wa ubalozi wa Berlin walizuiliwa kwa takriban miezi mitano katika hoteli moja huko Bad Nauheim, na humo kizuizini, ili watu wasikate tamaa, akawa anawafundisha wenzake historia ya Urusi. Naliona jambo hilo kuwa kubwa. Kwa mtu wa namna hiyo historia haikuwa shughuli ya kujiliwaza baada ya kustaafu.

Kisha ikaja simu ya maandishi, yaani telegramu, ya tarehe 22 Februari 1946, aliyoituma Washington kutoka Moscow, ambamo alieleza chanzo cha tabia ya serikali ya Kisovieti na jinsi ya kukabiliana nayo. Sina haja ya kuirudia, kwa kuwa ndiyo inayojulikana. Ninachotaka kukazia ni yale yaliyotokea baadaye. Kennan alikuwa amefikiria zaidi shinikizo la kisiasa na la kiuchumi; serikali yake ikayachukua maneno yake na kuyafanya msingi wa kujilimbikizia silaha duniani kote. Alipinga kuundwa kwa bomu la haidrojeni, na alitahadharisha dhidi ya kuyapeleka majeshi kaskazini ya nyuzi 38, mstari uliozigawa Korea mbili, mwaka 1950. Hakusikilizwa. Alijifunza kwa uchungu kwamba waraka ukishatoka mikononi mwa aliyeuandika huanza safari yake wenyewe, na kwamba wanaousoma huchukua kile walichokuwa tayari kukitaka. Fundisho hilo linaonekana katika kila kitabu cha historia alichokiandika.

Mwisho wa ubalozi wake huko Moscow ulikuwa wa ghafla. Mwaka 1952 alirudi Moscow akiwa balozi. Mwezi Septemba, alipokuwa akipita Berlin, waandishi wa habari walimuuliza juu ya maisha ya wanadiplomasia huko, naye akajibu kwamba yalifanana na yale ya kizuizini chini ya Wanazi. Serikali ya Stalin ikampiga marufuku asirudi. Mwaka uliofuata waziri mpya wa mambo ya nje, John Foster Dulles, hakumpa kituo kingine, na hivyo akastaafu akiwa hata hajafika miaka 50. Akaenda Princeton, katika Taasisi ya Masomo ya Juu ambako Robert Oppenheimer alikuwa amekwisha kumkaribisha, akaanza kazi ya kuchambua nyaraka bila kuwa na shahada yoyote ya juu ya historia.

Najua pingamizi litakalotolewa hapa, kwa sababu limetolewa mara nyingi: kwamba ofisa wa serikali anapogeuka mwanahistoria huandika ili kujitetea. Pingamizi hilo lina uzito. Rafu zimejaa vitabu vya mabalozi na majenerali ambamo kila kilichoharibika kiliharibiwa na wengine. Kennan naye aliandika kumbukumbu za maisha yake, lakini alizitenga na historia. Alipokaa kuandika historia hasa, hakuchagua Munich, hakuchagua mkutano wa Yalta wa mwaka 1945, wala hakuchagua vita baridi. Alichagua kwanza miaka ya 1917 na 1918, alipokuwa mtoto wa shule, na baadaye akarudi nyuma zaidi, hadi miaka ambayo wazazi wake walikuwa bado vijana. Hakuwa na jina la kulisafisha katika mambo hayo. Alichokwenda nacho ni ujuzi wa kazi: alijua jinsi taarifa ya ubalozi inavyoandikwa, ni nini huachwa nje yake, ni nani anayekusudiwa kuisoma, na ni kwa kiasi gani waziri aliyeko mbali anaweza kuielewa visivyo.

Kitabu chake cha kwanza kikubwa, kuhusu kujitoa kwa Urusi katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kilitoka mwaka 1956 na kumpatia Tuzo ya Pulitzer. Kina kurasa zaidi ya 500, na zote zinahusu miezi isiyozidi mitano, tangu Wabolsheviki, chama cha Lenin, walipotwaa madaraka mwezi Novemba 1917 hadi amani ya Brest-Litovsk kati ya Urusi na Ujerumani ilipothibitishwa mwezi Machi 1918. Msomaji asiyemzoea anaweza kudhani ni wingi wa maneno. La hasha. Alihitaji nafasi hiyo ili aonyeshe kwamba Marekani haikuwa na sauti moja mjini Petrograd, mji mkuu wa Urusi wakati huo. Kulikuwa na Balozi David Francis, mfanyabiashara na gavana wa zamani wa Missouri, aliyekatazwa kuitambua serikali mpya. Kulikuwa na Jenerali William Judson, mwambata wa kijeshi, ambaye alidhani ni lazima mtu azungumze na Trotsky, waziri wa mambo ya nje wa serikali hiyo mpya. Kulikuwa na Raymond Robins wa ujumbe wa Msalaba Mwekundu, asiyejua Kirusi na asiye na cheo cha kidiplomasia, ambaye ndiye hasa aliyekuwa akiingia na kutoka katika ofisi za Lenin na Trotsky. Kila mmoja alipeleka habari nyumbani kwa njia yake na kwa watu wake. Mwanahistoria mwingine angeweza kuzisoma taarifa hizo kama msimamo wa Marekani. Kennan alizisoma kama mtu aliyewahi kufanya kazi ubalozini, akaona ni nani hasemi na nani, na nani anamficha nani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni ule wa nyaraka za Sisson. Edgar Sisson alikuwa mjumbe wa kamati ya habari na propaganda iliyoundwa na Rais Wilson wakati wa vita. Mwanzoni mwa mwaka 1918 alinunua mjini Petrograd mkusanyo wa nyaraka zilizodai kuthibitisha kwamba Lenin na Trotsky walikuwa mawakala wa kulipwa wa Ujerumani, wakipokea maagizo kutoka kwa wakuu wa jeshi lake. Serikali ya Marekani ilizichapisha mwaka huo huo. Wasomi wawili, J. Franklin Jameson, mwanahistoria mwenye heshima kubwa, na Samuel Harper, mtaalamu wa mambo ya Urusi, walitakiwa wazichunguze, na wakathibitisha kwamba nyingi kati yake zilikuwa halisi. Ilikuwa wakati wa vita, na kila mtu alitaka ziwe za kweli. Kwa karibu miaka 40 suala hilo liliachwa likining'inia.

Mwaka 1956 Kennan alizichukua upya. Hakuanza kwa kuuliza kama Lenin alikuwa mtu mbaya au mwema. Alianza na karatasi zenyewe. Alichunguza herufi za taipureta, akaonyesha kwamba nyaraka zilizodaiwa kutoka ofisi mbalimbali, zisizokuwa na uhusiano wowote, zilikuwa zimepigwa chapa kwenye mashine zile zile. Alichunguza vichwa vya barua, mihuri na sahihi. Akauliza maswali ambayo angeuliza ofisa yeyote aliyewahi kushika jalada: je, ofisi hii ilikuwepo? Ingewezekanaje ofisi ya jeshi la Ujerumani iendeshe shughuli zake kwa barua rasmi katika mji mkuu wa adui wakati vita havijaisha? Je, matukio yanayotajwa yanalingana na yale tunayoyajua kutoka kwingine? Alihitimisha kwamba mkusanyo huo ulikuwa wa kughushi. Zingatia, Mhariri, kwamba mwaka huo wa 1956 vita baridi vilikuwa vimepamba moto, na mtu huyu alikuwa ameitwa adui wa serikali ya Kisovieti. Angekuwa na kila sababu ya kuuacha uongo uliomchafua Lenin ubaki mahali pake. Hakuuacha. Kwangu mimi huo ni ushahidi tosha kwamba alikuwa amekwisha kuvuka kutoka kwenye utumishi wa serikali na kuingia katika utumishi wa historia.

Kitabu kilichofuata, cha mwaka 1958, kinaeleza jinsi Marekani ilivyofikia uamuzi wa kupeleka majeshi Urusi. Waraka wa uamuzi huo, wa tarehe 17 Julai 1918, uliandikwa na Rais Wilson mwenyewe. Unasema kwamba kuingilia kijeshi kungeongeza tu vurugu nchini Urusi, kisha, katika kurasa hizo hizo, unaruhusu askari wapelekwe kulinda maghala ya silaha na kuwasaidia wanajeshi wa Kicheki waliokuwa wakijaribu kutoka Urusi kupitia Siberia. Jenerali William Graves, aliyeteuliwa kuongoza kikosi cha Siberia, alikabidhiwa waraka huo ndani ya bahasha na waziri wa vita katika kituo cha reli cha Kansas City, akaambiwa kwamba hiyo ndiyo sera ya kufuata, na waziri akaondoka. Graves alikwenda Vladivostok na askari wapatao 8,000 wakiwa na maagizo hayo yanayopingana yenyewe kwa yenyewe. Wengine wapatao 5,000 walipelekwa Arkhangelsk, wakawekwa chini ya amri ya Waingereza na kusukumwa ndani ya nchi mbali na yale maghala waliyotumwa kuyalinda. Tarehe 11 Novemba 1918, siku ambayo bunduki za Vita vya Kwanza vya Dunia zilinyamaza upande wa magharibi wa Ulaya, Wamarekani hao walikuwa wakipigana na Wabolsheviki kandokando ya mto Dvina.

Wanahistoria wa Kisovieti walieleza jambo hili kama njama iliyopangwa ya mabepari ya kuyanyonga mapinduzi. Kennan hakulitetea taifa lake kwa kusema kwamba nia yake ilikuwa njema. Alionyesha jambo ambalo kwa kiasi fulani ni la aibu zaidi: kwamba askari waliuawa kwa sababu ya sentensi zisizoeleweka, habari zilizochelewa, washirika waliokuwa na malengo yao, na rais aliyejifungia peke yake na asiyewauliza maofisa wake wanaoijua nchi. Alikusudia kuandika juzuu ya tatu ili aimalize hadithi hiyo hadi mwaka 1920, lakini hakuiandika kamwe, na hilo ni pengo ambalo nalijutia.

Kazi ya uzeeni mwake ndiyo inayohusu moja kwa moja mijadala ya leo. Kennan aliamini kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo janga lililozaa mengine yote ya karne ya 20, na akajiuliza vilianzia wapi. Vitabu viwili, cha mwaka 1979 na cha mwaka 1984, vinafuatilia jinsi Ufaransa na Urusi zilivyofungamana. Cha pili kinafika kwenye mapatano ya kijeshi yaliyotayarishwa mwezi Agosti 1892 na majenerali wawili, Boisdeffre wa Ufaransa na Obruchev wa Urusi, ambaye mkewe alikuwa Mfaransa na ambaye alizoea kupumzika wakati wa kiangazi katika shamba la mkewe huko Dordogne. Ufaransa iliahidi askari 1,300,000 dhidi ya Ujerumani, na Urusi kati ya 700,000 na 800,000. Nchi yoyote ya Muungano wa Nchi Tatu, yaani Ujerumani, Austria na Italia, ikiyaita majeshi yake yajiandae kwa vita, hata ikiwa ni Austria peke yake, Ufaransa na Urusi zingepaswa kuyaita ya kwao mara moja bila mashauriano. Obruchev alikuwa amekwisha kuandika kwamba kuyaita majeshi hakuwezi tena kuhesabiwa kuwa hatua ya amani. Ni vita vyenyewe. Mapatano yalikamilishwa mwanzoni mwa mwaka 1894, yakafichwa hata Bunge la Ufaransa lisiyajue.

Msomaji akishayajua hayo, matukio ya Julai 1914, yaliyowasha Vita vya Kwanza vya Dunia, hayamshangazi tena. Lakini Kennan hakuishia kwenye vipengele vya mapatano. Alimtazama waziri wa mambo ya nje wa Urusi, Giers, mzee mgonjwa aliyekuwa akijaribu kuichelewesha shughuli hiyo, na akasimulia mazungumzo ya Giers na mfalme wake, Tsar Alexander III. Giers aliuliza ni faida gani Urusi ingeipata kwa kuwasaidia Wafaransa kuiangamiza Ujerumani. Tsar akajibu kwamba Ujerumani ingesambaratika na kurudi kuwa nchi ndogondogo dhaifu kama zamani. Hilo ndilo lililokuwa lengo la vita ambavyo vingewagharimu watu mamilioni, na lilitamkwa chumbani, bila hesabu na bila mtu wa kulipinga. Nadhani ni mtu aliyewahi kukaa katika vyumba vya namna hiyo ndiye anayejua kwamba swali la Giers lilikuwa swali muhimu kuliko takwimu zote za Obruchev, na kwamba lilistahili kuwekwa mahali msomaji hawezi kuliruka.

Simtukuzi kupita kiasi. Historia yake ni ya ofisi za mawaziri na kasri za wafalme. Mikopo mikubwa ambayo Urusi iliipata Paris kuanzia mwaka 1888 haipewi uzito unaostahili, na wakulima waliokuja kufa mitaroni hawaonekani. Isitoshe, shajara zake zilizochapishwa mwaka 2014, baada ya kifo chake, zina maneno ya dharau dhidi ya watu weusi, Wayahudi na watu wa Amerika ya Kusini, maneno ambayo hayawezi kusamehewa kwa kusingizia zama zake, kwa kuwa wengi wa zama zake hawakufikiri hivyo. Msomaji wa Kiafrika ana haki ya kulijua hilo anapofungua vitabu vyake. Mimi nalijua, na bado navisoma, kwa sababu uchunguzi wa taipureta za Sisson na wa mapatano ya 1892 unasimama kwa ushahidi wake wenyewe.

Mwezi Machi 1949, akiwa bado mtumishi wa serikali, Kennan alirudi Hamburg, mji aliofanyia kazi akiwa kijana, ambao mabomu ya Julai 1943 yaliteketeza pamoja na watu wake makumi ya maelfu. Alipita katikati ya magofu, akaandika kwamba hakuna manufaa ya kijeshi ya muda mfupi yanayoweza kuhalalisha uharibifu wa kiasi kile. Hiyo ilikuwa miaka saba kabla ya kitabu chake cha kwanza kikubwa cha historia. Tangu wakati huo, swali lake halikuwa tena nani alishinda, bali ni karatasi gani, zilizotiwa sahihi na nani, na kwa kutojua nini, zilizoufikisha ulimwengu mahali pale.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni dogo. Wachambuzi wako wanapolinukuu onyo la mwaka 1997, wasilitoe kama utabiri wa mzee mwenye busara, wala wasiliunganishe na simu ya mwaka 1946 pekee. Aliyeliandika alikuwa ametumia miaka mingi kuchunguza jinsi mapatano ya kijeshi yaliyofanywa kwa ajili ya usalama wa pande mbili yalivyoonekana kuwa tishio kwa upande wa tatu, na alikuwa akisema kama mwanahistoria. Anayekubaliana naye na anayempinga wote wanapaswa kwanza kuijadili hoja hiyo. Ningefurahi kama gazeti lako lingechapisha uhakiki wa vitabu vyake viwili vya 1979 na 1984, ulioandikwa na mtu aliyevisoma hadi mwisho, ili mjadala wa wasomaji uanzie kwenye Boisdeffre na Obruchev.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa gazeti lako